Siku Tuliyoiimbia Mongolia Wimbo wa Taifa

Vijana wangu wa kituoni, siku mliponiaga mlinipa saa ya ukutani, kisha mkanikata hotuba katikati kwa sababu biriani ilikuwa ikipoa. Sikukasirika. Haya, nilikasirika kidogo. Yale niliyotaka kusema nimeyaandika hapa nyumbani kwangu Shella ya Malindi, ambako hakuna wa kunikata ila mke wangu, naye ameshasema hatayasoma kwa kuwa ameyasikia yote. Vyeo na mishahara sitavigusa, maana havina hadithi. Nitasema kazi, na nitasema ukweli kuhusu ile siku ya mwisho, kwa sababu naona kila mmoja wenu anaisimulia kwa namna yake.

Mimi niliingia pale kama mpaka rangi. Nilikuwa nimezoea kuta za nyumba na misikiti, nikaambiwa kuna kazi nje ya mji, upande wa pwani, kupaka dishi. Nikachukua brashi mbili na kopo moja la rangi. Nilipofika nikaliona dishi lenyewe, limesimama juu ya mnara wa chuma, kubwa kuliko nyumba yetu na ua wake. Nikaliweka kopo langu chini taratibu, nikatafuta kivuli nikae nifikiri.

Hapo ndipo akatokea Mzee Kahindi, fundi mkuu, Mgiriama wa Junju, mtu mfupi mwenye mikono ya grisi mpaka viwikoni. Nikampa shikamoo, nikamuuliza hiki kitu ni cha nini.

"Hili ni sikio," akasema. "Linasikiliza vyombo vilivyo juu. Setilaiti."

"Vinasema nini?"

"Vinasema viko hai. Mengine ni mambo ya wenyewe."

"Na cha kwetu sisi ni kipi?"

Akatazama juu, akapekuapekua mbingu kama mtu anayemtafuta mbuzi wake kundini. "Cha kwetu hakijazaliwa," akasema, kisha akaniambia nianze kupaka upande wa nyuma ambako makosa yangu hayataonekana.

Basi kuanzia siku hiyo nikaingiwa na kiu ya roho. Nilitaka kukisikia cha kwetu. Nilitoka kwenye rangi nikaingia kwenye grisi, nikatoka kwenye grisi nikaingia kwenye nyaya, mpaka nikakalishwa mbele ya mitambo yenyewe, mimi ndiye ninayeligeuza dishi na kupeleka amri juu. Kila mwaka nikisikiliza vya Wazungu, vya Wahindi, vya Wachina, na moyoni nasema, Yarabi, usinistaafishe kabla ya chetu.

Mzee Kahindi alinifundisha kazi bila kuniambia ananifundisha. Alikuwa akichukua bisibisi ndefu, anauweka mpini sikioni na ncha kwenye gia, anasikiliza, halafu ananipa mimi. "Umesikia nini?" Nikisema sikusikia kitu, anasema, "Vizuri, gia nzima haina maneno." Nikisema nimesikia mkwaruzo, tunafungua. Chumvi ya bahari haina huruma na chuma, na mtu akiacha kupaka grisi wiki moja kwa uvivu ataona. Hilo naliandika kwa ajili ya mmoja wenu, naye anajijua.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi, lakini hakuna iliyonitesa kama kunguru. Walijenga kiota pale katikati ya dishi, kwenye pembe ya kupokelea mawimbi, wakatumia vipande vya waya wetu wenyewe. Nikatumwa nikitoe. Nilikitoa kwa adabu zote, hata mayai niliyahamisha nikayaweka kwenye mkorosho. Wallahi, kunguru wale walinishika sura. Msimu mzima nikitoka mlangoni wananishukia kichwani, mimi peke yangu, wenzangu wanapita salama. Ikabidi nivae sufuria. Mgeni mmoja mkubwa kutoka Ulaya alinikuta kwenye ngazi na sufuria kichwani, akauliza kama ni vazi la jadi la hapa kwetu. Mzee Kahindi akamwambia ndiyo.

Halafu zilikuwepo bendera. Kila nchi ikituletea kazi, wahandisi wake wanakuja na bendera yao, na siku chombo chao kinapopita ni lazima itundikwe mlangoni, na wengine wanataka na chakula cha kwao mezani. Chombo chenyewe kiko juu huko, kinaizunguka dunia nzima bila kubisha hodi mpakani, na wenyewe huku chini wanagombana bendera ya nani iko juu kwa ngumi moja zaidi. Mimi ndiye niliyekuwa mtunza bendera. Siku moja nikaitundika ya Wafaransa kwa upande, ikawa ya Waholanzi, na mhandisi wa Kifaransa akakataa kunywa chai mpaka jioni. Nilimcheka sana yule bwana. Lakini ndani ya sanduku lile, chini kabisa, nilikuwa nimeiweka bendera ya Kenya, mpya, imepigwa pasi, nikiingojea siku yake. Kwa hiyo kucheka nilicheka, ila tulikuwa tunaugua ugonjwa mmoja.

Mzee Kahindi akastaafu, akarudi Junju kwenye mihogo yake, na huko ndiko alikofia, Mungu amrehemu. Nikabaki mimi ndiye mzee.

Basi mwaka wangu wa mwisho, chetu kikazaliwa. Kilitengenezwa na vijana wa chuo huko Nairobi, na kiongozi wao alikuwa binti mmoja aitwaye Neema, mwembamba, mwenye miwani, anayesema Kiswahili cha bara kwa kasi mpaka nikamwambia, "Mwanangu, hapa Malindi maneno hayakimbizwi." Alinionyesha picha ya chombo chenyewe. Kilikuwa kidogo kama boflo moja ya mkate! Nikamuuliza kilichobaki kiko wapi. Akaniambia ndicho hicho chote. Kikapelekwa ng'ambo, kikarushwa kwa roketi pamoja na vyombo vya nchi nyingine, wote abiria wa safari moja, wakashushwa huko juu mmoja mmoja.

Hapo ndipo Nairobi ikaleta mambo yake. Chombo kiliwekwa kinyamaze mpaka kipelekewe amri ya kuamka, na ikaja amri nyingine, hii ya ofisini, kwamba asikiamshe mtu mpaka mgeni rasmi awepo. Wiki zikapita. Mtoto amezaliwa, lakini asilie mpaka mkubwa apate nafasi! Neema alikonda. Kila siku ananipigia simu: "Mzee Sefu, betri yake iko sawa kweli?" Nami namwambia iko sawa, ingawa sikuwa na namna ya kujua. Tarehe ilipotoka, ikawa ni siku yangu ya mwisho kazini. Kadi yangu ya mlangoni ingekufa jioni ile ile. Chombo kingepita juu yetu asubuhi mara mbili, mzunguko mmoja na wa pili unaofuata, kisha basi, mpaka usiku wakati mimi nimeshakuwa raia tu wa Shella. Nikasema hewala. Mara mbili zinanitosha.

Matayarisho mliyaona wenyewe. Hema, mazulia, viti vyenye nguo. Mshereheshaji tulimwazima kutoka hoteli moja ya Bofa, kijana aliyezoea kuchezesha watalii, haachi kipaza sauti hata anapokunywa maji. Kikundi cha ngoma na vigelegele kilitoka Shella, wanawake peke yao, sare ya leso, na kiongozi wao ni Bi Mwanate, shangazi yake mke wangu. Mgeni rasmi alitaka kitu cha kubonyeza, kwa hiyo seremala akatengeneza kisanduku cha mninga na kitufe chekundu juu yake. Kitufe kilikuwa cha kengele ya mlango. Hakikuunganishwa na kitu chochote. Mpango ulikuwa yeye abonyeze hemani na mimi ndani nipeleke amri wakati huo huo, na sauti ya chombo itoke kwenye vipaza sauti vya hemani, ambavyo nilivifunga mwenyewe tangu jana yake.

Asubuhi, wageni wameshakaa, simu ya chumba cha mitambo ikalia. Ilikuwa Mongolia. Nasema Mongolia, na mimi mwenyewe siku ile ilibidi niitafute kwenye ramani iliyo ukutani. Binti mmoja mwanafunzi, jina lake Saruul, anaongea Kiingereza cha kuvunjikavunjika. Chombo chao kilipanda roketi moja na chetu. Kipasha joto chake kimekwama, hakizimiki, kinaila betri. Kwao kitapita baadaye sana, kitakuwa kimeshakufa. Dishi lenye nguvu ya kukifikia asubuhi ile, katika njia yake yote, ni letu sisi. Na kinapita juu yetu dakika zile zile za chombo chetu, upande mwingine wa mbingu. Dishi ni moja na linatazama mahali pamoja.

Nilimtafuta mkurugenzi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akarekebisha tai. "Sefu," akasema, "mimi nimekaa hemani, na hemani hakusikiki kitu." Akaenda zake kukaa karibu na mgeni rasmi.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mnaponisifu bure. Mimi nilikataa. Nilimwambia Neema, aliyekuwa ameshuka kutoka Nairobi kwa siku ile, "Hapana. Hao wana jangwa lao na farasi wao, watarusha kingine. Mimi nimekingojea chetu tangu sina mvi." Neema alikuwa na simu sikioni anambembeleza Saruul. Nikatoka nje kwa hasira, nikazunguka nyuma ya jengo, nikamkuta Bi Mwanate na kikundi chake wanakunywa kahawa ya tangawizi wakingoja zamu yao.

"Mbona umevimba?" akaniuliza.

"Wamongolia hawa, shangazi, wanataka kuniharibia siku."

"Ni watu wa wapi hao?"

"Mbali. Katikati ya Asia huko. Hata bahari hawana."

"Hawana bahari?"

"Hata tone."

Wanawake wote wakashika videvu. "Maskini!" akasema mmoja. "Sasa samaki wanapata wapi?"

"Si samaki tunaowazungumzia!" nikasema. Nikamweleza habari yote.

Bi Mwanate akasikiliza. "Chao kinakufa?"

"Kisipopata amri sasa hivi, kinakufa."

"Na chetu kinaumwa?"

"Hakiumwi. Kimelala tu kinangoja sherehe yake."

Akaweka kikombe chini. "Wewe Sefu, harusi yako tuliisimamisha kwa nani?"

Alijua anapogusa. Siku ya harusi yangu, nimeshavaa kanzu na joho, jirani wa mkabala akafariki, na kwetu Shella msiba ukiingia mtaani ngoma hunyamaza, hata kama bwana harusi yuko mlangoni. Pilau yangu ililiwa matangani. Niliolea nyumbani kimyakimya wiki ya pili, kama mtu anayejificha.

"Kwa marehemu Bwana Faraji," nikasema.

"Alikuwa nduguyo?"

"Jirani."

"Ulikuwa ukimpenda?"

"Alikuwa akitutupia taka mlangoni kila siku ya Mungu!"

"Na ngoma tulizizima."

"Lakini shangazi, hawa si majirani!"

"Wamepanda chombo kimoja na mwanao, wakashushwa njia moja, na sasa wanagonga mlango wako. Unataka jirani wa namna gani tena, akuletee sambusa?" Akawageukia wenzake. "Jamani, ngoma chini. Kuna mgonjwa."

Nikarudi ndani. Wallahi sikurudi kwa moyo mweupe; nilirudi nimenuna. Neema akaanza, "Mzee Sefu, mimi siwezi kukuomba..." Nikamwambia, "Usiniombe. Niambie kiko wapi."

Tukaligeuza dishi. Saruul akatusomea amri kwa simu, herufi baada ya herufi, Neema anarudia, mimi naandika kwa vidole viwili. Tukaituma. Kimya. Tukaituma tena. Halafu ikaja sauti nyembamba, inakatika, kama kifaranga aliyefunikwa na bakuli: tii, tii, tii. Kule kwenye simu wakalipuka kwa kelele, wengine wanalia. Mimi na Neema tukashikana mikono. Kuhusu vile vipaza sauti vya hemani, ambavyo bado vilikuwa vimefungwa kwenye mtambo, hakuna aliyevikumbuka kati yetu.

Lo! Hotuba ya mgeni rasmi ilikuwa imekwisha mapema. Alikuwa amebonyeza kile kitufe cha kengele, anangoja, hema lote linangoja, na hapo hapo ikatoka: tii, tii, tii. Mshereheshaji wa Bofa akaruka juu. "Mabibi na mabwana! Hiyo ndiyo sauti ya Kenya kutoka angani! Ngoma tafadhali!"

Ngoma haikulia. Akageuka, akawaona wanawake wa Shella wamesimama wima, mikono juu ya ngoma, kimya.

"Akina mama, ngoma!"

"Hatupigi," akasema Bi Mwanate. "Kuna mgonjwa."

Yule kijana alitoka jasho. Kimya hemani hakukijua maisha yake yote. Kamera zinamtazama, mgeni rasmi anamtazama. Akashika kitu cha kwanza kilichomjia, akaanza wimbo wa taifa. Watu wote wakasimama. Mgeni rasmi akaweka mkono kifuani, machozi yakamtoka, kweli si ya kuigiza, akaimba kwa sauti mpaka mwisho. Na muda wote ule chombo cha Mongolia kinaitikia nyuma: tii, tii, tii.

Kwenye simu Saruul akauliza hao wanaoimba ni kina nani. Neema akasema ni viongozi wetu na wazazi wetu. Akauliza wanaimba nini. Akaambiwa ni wimbo wetu wa taifa. Akauliza, kwa adabu kubwa, kama kwetu ndivyo tunavyofanya kwa kila mgonjwa.

Ikabidi tutoke kwenda kusema. Mkurugenzi alituona tunakuja akaanza kusoma ratiba. Neema ndiye aliyesema, mimi nikasimama nyuma yake kama ukuta. Mgeni rasmi alikuwa bado anajifuta macho.

"Mongolia?" akasema.

"Ndiyo, Mheshimiwa."

Akaitazama leso yake ya mkononi, akawatazama waandishi. "Mimi nimelia kwa ajili ya Mongolia?"

"Ndiyo, Mheshimiwa," nikasema mimi. "Na umelia vizuri."

Neema akanikanyaga mguu. Lakini yule bwana akauliza, "Kimepona?"

"Nusu. Kipasha joto kimezimika, lakini kinazunguka ovyo. Kinahitaji amri nyingine mzunguko wa pili."

"Na mzunguko wa pili ndio uliobaki kwa chetu leo?"

"Ndiyo."

Akapumua. Nilimwona mtu anapima, na sikumwonea wivu. "Basi wapeni," akasema. "Wimbo tumeshauimba, hatuwezi kuwaambia waurudishe. Lakini kitufe hiki mimi sikibonyezi mara ya pili." Akala pilau sahani mbili, akaondoka. Video yake ilikuwa imeshafika Nairobi kabla yake.

Mzunguko wa pili tukawapa. Chombo chao kikatulia, kikaacha kuzunguka, na sauti ikawa nzito, ya mtu mzima. Jioni nikakabidhi funguo. Mlinzi akaichukua kadi yangu, akaijaribu mlangoni, ikakataa, akaniomba radhi kana kwamba ameniua. Bendera ya Kenya ilikuwa bado imekunjwa sandukuni. Nilifika nyumbani nikamwambia mke wangu nina mafua, nikajifunika shuka, nikalia. Sikujuta. Lakini mtu anaweza kufanya jambo la haki na bado likamuuma mpaka mifupani, na mkiambiwa haliumi msikubali.

Asubuhi yake, asubuhi ya kwanza ya kustaafu, nimerudi kutoka msikitini baada ya swala ya alfajiri na sijui nifanye nini na mikono yangu, simu ikalia. Neema.

"Mzee Sefu, shikamoo. Umekaa?"

"Marahaba. Nimekaa."

"Nimewapa akina Saruul amri ya kukiamsha chetu. Sikuomba ruhusa ya mtu. Kinapita kwao sasa hivi. Sikiliza."

Pakakwaruza. Nikasikia watu wanahema chumbani, mbali, Mongolia. Kisha ikatoka sauti, nyororo, imetulia, haina haraka hata kidogo. Tuu. Tuu. Tuu. Ilikuwa ni yetu. Nilijua kabla ya kuambiwa. Nikaziba mdomo kwa mkono.

Halafu nikasikia viti vinasogezwa. Wale watoto walikuwa wameitazama ile video usiku kucha, nao wakaamini kwamba kwetu Kenya ndivyo chombo kinavyopokelewa. Wakaanza kuimba wimbo wetu wa taifa. Wallahi sijapata kusikia Kiswahili kikiumizwa namna ile! Maneno yamevunjwa viungo, sauti zimepishana, mmoja kawatangulia wenzake ubeti mzima. Na chini ya kelele zote zile, chetu kinaendelea: tuu, tuu.

Nikasimama katikati ya ukumbi, nimefunga msuli kiunoni, simu mkono wa kushoto, mkono wa kulia kifuani. Mke wangu akatoka jikoni na mwiko, akaniangalia juu mpaka chini.

"We Sefu, una nini?"

"Simama, mama," nikamwambia. "Tunaimbiwa."